Kata ya Nant Helyg, Saa Nane Usiku

Ukumbi wa michezo unanuka raba na supu ya vitunguu.
Mikono juu ya meza, tumeambiwa,
ionekane muda wote, kama ya wezi.
Nje ni ile mvua isiyonyesha wala kuacha,
inayojisugua tu kwenye kioo kama paka.

Nant Helyg: nyumba mia tatu, kanisa lililouzwa,
daraja lililochukuliwa na mto tangu Februari.
Wagombea wawili, wa mtaa mmoja:
Heulwen Bebb, aliyeendesha basi la shule,
na Tegid Prosser, mwenye kondoo, mwenye kesi ya uzio.

Mia moja tisini na saba.
Mia moja tisini na saba.
Tunahesabu upya. Bebb anatafuna kamba ya koti lake.
Upya tena. Namba hazina hata haya.

Ndipo inarudi mbele yangu ile karatasi
tuliyoiweka kando tangu saa nne:
haina alama, ila maneno yamekatiza majina yote mawili
kwa wino wa kijani:
DARAJA KWANZA, NDIPO MNIULIZE.
Mawakala wanainama. "Hii ina maana gani?"
"Ina maana ya daraja," anasema mmoja,
na hakuna anayecheka.
Imeharibika. Weka kando.

Mwandiko ule naujua.
Ulitia sahihi ripoti zangu zote za shule.
Kalamu ile niliinunua mimi, Krismasi,
kwa mzee asiyeamini penseli ya serikali.
Kura ni siri, nami nimeapa.
Nameza mate.

Sheria inasema: bahati.
Vikaratasi viwili, kopo la biskuti linatikiswa,
mkono wa msimamizi unaingia
kama unaotafuta funguo gizani.
Anatangaza kwa Kiwelisi, kisha kwa Kiingereza,
na katikati ya lugha hizo mbili
Prosser ameshajua,
wakala wake, kijana wa mjini, bado anatabasamu.

Narudi kwa njia ndefu, maili sita, kwa ajili ya mto.
Baba yu macho, redio chini, chai imepoa.
"Nani?"
"Bebb. Kwa kikaratasi cha kopo."
"Kumbe walikuwa sare."
"Sare."

Anaitazama mikono yake kitambo.
"Na zile zilizoharibika," anauliza ukuta,
"huwa zinasomwa?"

"Mara nne," nasema, nikivua viatu.