Mizani Chini ya Kitenge

Karatasi yangu niliikuta soko la Kiboriloni
imesokotwa koni, imejaa karanga.
Mwandiko wangu, mhuri wangu, wino wa buluu:
"Epuka vya kukaanga."
Mafuta yalikuwa yamelifuta neno la kwanza.
Nililipa mia mbili, nikazila zote
nimesimama kando ya marobota ya mitumba,
daktari mzima, nimefundishwa.

Tangu siku ile mizani iko pembeni,
nimeifunika kwa kitenge cha marehemu mama.
Anayeingia hapokelewi na chuma.
Anapokelewa na kiti kipana, kisicho na mikono,
nilichochongesha kwa fundi wa Pasua,
maana niliwahi kuona mtu amesimama nusu saa
akisema hajachoka,
kumbe anapima viti vyangu kwa macho.

Sisemi "punguza".
Neno hilo wameshalisikia kwa mawifi,
kwa fundi cherehani akiunga futi kamba mbili.
Nauliza: nani anapika? Nani anakula wa mwisho?
Sahani ya mtoto ikibaki na chakula, inaenda wapi?

"Inaenda hapa," alisema Mama Aikande,
akaligonga tumbo lake
kama anayebisha hodi kwa ndugu.
Watoto wanne, wajukuu wawili, sahani sita.
"Ndizi hizi mama yangu alizishusha kichwani
kutoka Kidia mpaka hapa, kwa miguu.
Nikizimwaga, atanisikia huko aliko."

Niliandika: sahani sita.
Sikuandika: ulafi.
Nikamwandikia na dawa: kuku watatu wa kienyeji,
mabaki yapate mdomo mwingine.
Na sukari ya chai, vijiko vinne,
ilipwe nusu kijiko kila mwezi
kama mkopo wa kikoba.

Alicheka mpaka kiti kikalia.
Kilo nne zikaondoka bila kuaga.

Halafu akapotea.

Mvua za masika zikaja, zikapita.
Aliporudi, kilo zilikuwa zimerudi kabla yake,
na wageni wengine juu.
Hakuvua kilemba. Aliongea na meza yangu.

"Sokoni wameanza kuniuliza naumwa nini.
Daktari, dada yangu Ndeshi alianza hivi hivi,
mwaka wa tisini na tatu.
Kwanza sketi. Tukamwambia amependeza.
Halafu pete ikadondokea kwenye beseni la kufulia.
Siku ya kumzika, wachukuzi wa jeneza
walitazamana kwa wepesi wake.
Baada ya hapo nilikula.
Unene huu ni cheti changu.
Nimekitembeza soko zima miaka yote hii
watu wasome: huyu ni mzima."

Kwenye rafu nina vitabu kumi na kimoja
vya tumbo, kongosho, mafuta ya damu.
Ndeshi hayumo hata kimoja.
Nilifunga faili. Nikamwuliza alikuwa mtu wa namna gani.
Wagonjwa watatu walisubiri nje, wakanung'unika,
nikawaacha wanung'unike.

Kisha tukapanga njama.

Jumanne, siku ya soko, kwa ruhusa yake,
nilipita mbele ya kibanda chake, nikapaza sauti
kama mnadi wa mitumba:
"Mama Aikande! Goti linasemaje?
Presha imeshuka, usiache! Na wale kuku?"
Naye akajibu kwa sauti ileile
kwamba kuku wamekuwa tisa, na jogoo ana kiburi.
Muuza vitunguu aligeuka.
"Goti?" akauliza. "Na mimi langu linaniua."
Wiki ile walikuja wanne,
mmoja akidai kuku kabla hajaketi.

Sijui kama hii ni tiba.
Wapo walioongezeka mikononi mwangu.
Yupo aliyeondoka akinitukana, na alikuwa na haki.
Mimi mwenyewe mkanda wangu una tundu
nililolitoboa kwa msumari, usiku, mlango umefungwa.

Jana Mama Aikande alikivuta kitenge mwenyewe,
akakikunja mara nne, akakiweka mapajani mwangu,
akapanda.
Namba aliisoma yeye.
Mimi nilikuwa naitazama pete yake:
ameizungushia uzi mwekundu kwa ndani,
mara nyingi, kwa subira,
isije ikadondoka.