Bado Unga

Sekunde saba tu tulipewa,
na katika saba hizo moja ililiwa na upepo wa Kibaigwa
uliopuliza kwenye tundu la sauti la simu yangu.
Sita zilizosalia Ndahani alizitumia
kupanda juu ya mizani ya magunia,
kutazama mshale ukiyumba, ukitulia,
na kusema, kichwa kakilaza bega la kushoto:
"Bado unga!"

Basi. Picha ikarudi mwanzo.
Akapanda tena, akasema tena,
akapanda, akasema, mpaka chaji ikaisha.

Hatukujua kwamba tumetunga kitu.
Lakini Jumapili, kule Pandambili,
mshenga aliulizwa kama mahari imetimia,
akajibu, "Bado unga,"
watu wakavunjika mbavu.
Mwalimu Sechelela akaiandika kwa wino mwekundu
chini ya insha ya mwanafunzi mvivu.
Fundi akaisema juu ya nyumba isiyoezekwa,
mkunga naye, wodini, mlango ukiwa nusu wazi.

Kisha wenye mtandao, huko waliko,
wakafunga duka. Hawakutuaga.
Ukibonyeza kile kialama cha rangi ya ukwaju
kinazunguka, kinazunguka
kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Video zetu mia na tisa hazina kaburi.
Simu yenyewe niliibadilisha kwa madebe mawili ya uwele.

Miaka tisa.
Sokoni sasa kuna mizani ya tarakimu,
haina mshale, ni namba nyekundu tu.
Leo mtoto wa muuza karanga, hajafika darasa la tatu,
kapanda juu yake, kalaza kichwa kushoto:
"Bado unga!"
Pumzi ileile kabla ya neno.
Hata kope.

Sikumwambia
kwamba shingo ile haikuwa kichekesho.
Sikio la kushoto la Ndahani liliziba tangu surua,
la kulia alikuwa akiniinulia mimi
niliyesimama juu ya rundo la mahindi
nikihesabu: moja, mbili, tatu...
Mji mzima sasa unapinda shingo
kwa uziwi wa mchukuzi mmoja.

Naye alikuwepo, Ndahani mwenyewe,
karudi kutoka Manyoni, sikio limetibiwa Mvumi,
shingo imenyooka kama mwiko.
Akacheka. Akapanda. Akasema.
Mtoto akamkagua juu hadi chini.
"Sivyo, mjomba. Kichwa unakilaza.
Wewe bado unga."