Radhi ya Mshona Kofia

Nilisoma Mkunguni, Ijumaa baada ya laasiri,
mbele ya watu waliokuja kumngoja Mheshimiwa,
na Mheshimiwa, kama ada, alikuwa bado yuko njiani.
Mimi si malenga. Nashona kofia.
Ile aliyoivaa kwenye picha zake za kura
ni ya mkono wangu, miezi mitatu ya kutoboa vitundu,
na nusu ya bei bado namdai.
Basi nikasema:

    Utepe umekatika, bomba halitoi maji,
    Hewa inayomwagika, tuikoroge kwa uji,
    Mkasi haujachoka, wazunguka huu mji,
    Na kiu tunakutaka, ikate nayo, mpaji.

Wakacheka, na walikuwa na haki.
Bomba la Langoni limezinduliwa mara mbili,
na mara zote mbili kina mama wamerudi
na madebe yakigongana matupu.
Ningeishia hapo.

Lakini kicheko ni kama halua, kipande kimoja hakikutoshi.
Nikapandisha mabega, nikakaza shingo,
nikaanza kusema kama asemavyo yeye neno linapomkwama:
nd-nd-ndugu wa-wa-wangu...
Uwanja ukavunjika mbavu. Mzee mmoja akadondosha kikombe.
Nami, katikati ya raha ile, nikamwona Shekuwe,
mtoto wa Bi Zuhura, aniletea nyuzi,
akiuweka mfuko wangu taratibu juu ya ngazi ya ngome,
akaenda zake.
Ana miaka kumi na miwili. Jina lake mwenyewe
humchukua muda kulifikia.

Jumapili wakaja askari wawili, wakavua viatu mlangoni
(adabu wanayo), wakasema nimemvunjia mkubwa heshima,
niandike barua ya radhi, nakala tatu.
Nikauliza: kwa la bomba, au kwa la ulimi?
Wakatazamana. Karatasi yao haikutenganisha.
Nikasema, la bomba siliombei radhi, hata mkinilaza ndani.
Aliyekuja kwangu kuomba kura kwa mdomo
avumilie mdomo wangu ukimrudia.
Heshima ya kiti hainyweki.
“Na la ulimi?” akauliza yule mdogo.
Hapo nikatafuta sindano niliyokuwa nimeishika.
Bomba alilitaka mwenyewe.
Ulimi hakuuchagua.

Usiku nikaenda Gadeni. Bi Zuhura hakunikaribisha;
alinitazama kama ninavyotazama mshono uliokwenda upande,
akamwita mwanawe.
Nikasema nililokuja kusema, upesi mno,
kama mtu anayetua mzigo kwenye miguu ya mwenzake.
Akajibu:
“La b-b...”
Neno nililiona, lile pale, ningeweza kumsaidia,
maana mkono wangu umezoea kumalizia kazi za wengine.
Nikauma mdomo. Punda akapita na magunia ya mchanga,
tukajibanza ukutani sote wawili,
jirani akazima taa,
naye yumo bado ndani ya herufi ile ile, hana haraka.
“La b-bomba usilifute.”

Halafu akanyosha kiganja.
Nyuzi za Ijumaa.
Sikuwa nimemlipa.