Uzito wa Ulimi

Kwetu mwanamume mwenye nyumba mbili husemwa.
Verlon Haugstad anazo mbili na mke ni mmoja,
na nyumba zote mbili zina magurudumu.

Ya kwanza ameibebesha pikapu mgongoni,
kitanda kimetokeza juu ya paa la dereva.
Ya pili inaburutwa nyuma, nyeupe, ndefu:
hiyo ni ya LaVonne, aliyechoshwa na mkoromo
uliomhamisha hata mbwa.

Wametoka kuvuna viazisukari Dakota ya Kaskazini,
usiku kumi na minne wa matope na taa za matrekta.
Sasa wanaikimbia theluji kwenda Arizona,
naye Oktoba anawapulizia kisogoni.

Kibanda cha mgongoni kimeipita pikapu kwa urefu,
kimeifunika ndoano,
kwa hiyo Verlon ameongeza mkono wa chuma, futi nne,
mwisho wa mkono pana tufe,
na juu ya tufe umekaa ulimi.
Ulimi: ndivyo mafundi wa huko wanavyoiita
ile pembe ya chuma inayoitangulia trela.
Ulimi hauna mfupa, twasema sisi.
Huu ni mfupa mtupu.
Sharti lake ni moja, usiwe mwepesi.
Ukiwa mwepesi, mkia hupata kiburi.

Asubuhi, penye pampu ya dizeli, ulikuwako ulimi mwingine.
"Hiyo trela yako," alisema Verlon, "inakunywa kuliko gari."
Yako.
LaVonne akafunga mkanda.
Maili tisini hakutoa neno,
ila "lori", mara moja,
na "kulia".

Halafu Wyoming, mteremko wa asilimia saba,
bonde limelala chini huko kama kitu kilichodondoshwa.
Lori la ng'ombe likawapita;
upepo wake ukanyonya, kisha ukasukuma,
na kiooni LaVonne akaiona nyumba yake
ikiingia njia ya wengine, ikirudi, ikienda tena mbali zaidi,
kama mtu anayekataa kwa kichwa.
Pikapu nayo ikaanza kukubaliana nayo.
Mguu wa Verlon ukatafuta breki.

"Usikanyage!"

Mkono wake ukapita juu ya magoti ya mumewe
ukakipata kile kidude chini ya usukani,
breki ya trela peke yake,
akakibana polepole,
kama unavyomshika mtoto ukosi penye umati.
Mkia ukavutika.
Ukayumba kidogo, kwa ajili ya heshima yake tu.
Ukanyooka.

Harufu ya breki iliingia, ikakaa katikati yao kama abiria.

Chini, kwenye uwanja wa changarawe,
LaVonne alifungua nyumba yake, akainua godoro lililo nyuma kabisa.
Mawe.
Miti ya kale iliyogeuka mawe, ratili mia tatu na ushei,
Verlon ameiokota majira yote, akaificha huku
kwa kuwa kwake hakuna nafasi.
Aliyahesabu. Thelathini na moja.
Alitaka kucheka, hakutaka aonekane.

Wakayahamisha mbele, moja moja,
wakipishana kwa ubavu kwenye ule ujia mwembamba,
yeye na tochi mdomoni, kwa hiyo hata angetaka kusema
asingeweza.

Kisha Verlon akapiga magoti changaraweni, akashika minyororo.
Ni miwili, na lazima ipishane chini ya ulimi,
wa kulia kushoto, wa kushoto kulia,
ili ulimi ukiteleza udakwe kabla haujalamba lami.
Akaitikisa. Ilikuwa sawa.
Akaitikisa tena.
"Mawe ni yangu," akaiambia minyororo.

LaVonne alikuwa ameshaingia ndani, dirisha wazi kiasi cha kidole.
Hakujibu. Aliiacha taa ya nje ikiwaka
mpaka alipomsikia amepanda ngazi yake bila kujikwaa.

Mkoromo ulipoanza, aliupima kwa sikio:
futi nne za chuma, tufe moja,
ukuta wake, ukuta wake mwingine.
Unasikika.
Akageuka upande, akalala.