Kulasitara

Kijiji chenyewe kinaitwa Filim,
nami nimeshuka na kamera shingoni;
watoto wa gatini wakacheka kabla sijasalimu.

Huwaishil hakucheka. Aliitazama lenzi,
nene kama mguu wa ng'ombe,
akauliza kama na yenyewe inakunywa petroli.

Mwezi Mei, saa kumi na moja alfajiri,
boti ya faiba, mashine ya farasi arubaini,
birika la chai limefungwa kwa kamba ya nailoni,
tukaingia michu ya kisiwa cha Mahut
maji yakiwa bado yamejaa,
majani yakitoka jasho la chumvi.

Kiota ni fujo tu la vijiti.
Makinda matatu. Vichwani nyuzi nyuzi
kama kofia iliyofumuka ukingoni.
Wawili wanagombania katikati,
wa tatu amepewa ukingo.
Mzazi mmoja mweupe, karatasi;
mwenzake wa rangi ya sufuria ya kuni.
Yupi mama, yupi baba, sikuuliza:
nimeulizwa mimi hivyo, Ruwi,
kwenye foleni za kila ofisi,
nani alitoka wapi akamzaa nani.

Nikasema: sogea.
Akasogea.
Nikasema: kidogo tena.
Yule mweupe akaruka. Yule wa jivu akafuata.
Wakasimama mbali topeni,
shingo wamezikunja mabegani,
wakitutazama kama wenye nyumba
waliokuta mgeni amekalia kitanda.

Picha mia mbili na kumi.
Jua likapanda juu ya michu,
likakifikia kiota,
na midomo mitatu ikaachama,
koo zikitetema, zikitetema.
Ee, nikasema moyoni, hii ndiyo,
nikabonyeza.

"Basi," akasema Huwaishil. "Tuwaondokee."
Akavuta kamba ya mashine.
Rafadha ikatapika tope.
Akashika pondo, akasukuma, pondo likazama hadi kiganjani.
Maji yalikuwa yamekupwa nyuma yetu
huku mimi nikitafuta mwanga.
"Mpaka saa saba," akasema,
hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Akakunjua turubali la samaki.
Tukalala sakafuni, yeye tezi, mimi omo,
tumefunikwa gubigubi
katika harufu ya ngisi wa juzi.
Kwa kupitisha muda akauliza:
"Kwenu huyu ndege mnamwitaje?"
"Kulasitara."
Kimya. Kisha turubali likatikisika kwa kicheko chake.
"Sitara? Sitara yetu hii?"
"Sijui," nikasema. "Labda."
"Basi sisi ndio tumeila yao," akasema,
akaacha kucheka.

Saa ngapi zilipita, jasho ndilo lililohesabu.
Halafu mlio, kama mlango wa bati,
halafu upepo mfupi wa mabawa juu yetu,
halafu ke-ke-ke-ke ya vinywa vitatu.
Turubali lilikuwa na tundu, upana wa sarafu.
Nikaweka jicho.

Alikuwa yule wa jivu.
Amelipa jua mgongo,
amelegeza mabawa pande mbili
kama anayepima nguo ya mtu mwingine,
na chini yake kivuli,
na ndani ya kivuli wawili, na wa tatu
nusu ndani, mkia nje, unaungua.
Akasogeza bawa. Upana wa vidole viwili.
Mkia ukaingia.

Kamera tumboni mwangu, moto kama pasi.
Kidole kiliniwasha.
Ningeinua turubali kwa nukta moja tu.
Huwaishil alikuwa amelala, au amejifanya.

Saa saba na robo boti ikaguna, ikaelea.
Tulitoka kwa pondo, bila mashine,
mpaka michu ikawa mstari.

Ruwi, shangazi Zuwena akavaa miwani,
akazipitia zote mia mbili na kumi,
midomo wazi, midomo wazi, midomo wazi.
"Mashaallah," akasema, "wanaimba."

Nikamwambia ni joto.
Akarudi kwenye picha ya kwanza,
akaanza kuziangalia upya, polepole,
mkono mmoja ameukinga juu ya kioo
kwa sababu ya taa.