Ishirini na Kumi na Moja

Barua ilikuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
tarehe kumi na sita Aprili, Redruth bado imo ukunguni,
nami simu mkono mmoja,
mkono wa pili soksi ya Jory, ile iliyotoboka.
"Tunayo furaha," ilianza.
Mwenye habari njema hana haja ya kutangaza furaha.

Tulichagua tatu, kama walivyotutaka.
Ya kwanza Trewidden, hapa chini tu,
kengele yake ndiyo saa yetu ya ukutani.
Nilisoma pale. Jina langu nililichora kwa msumari
chini ya bomba la maji, labda lipo, labda wamepaka rangi.
Ya pili sikumbuki kwa nini.
Ya tatu Carn Vean, ng'ambo ya barabara kuu,
ubavuni mwa yadi ya saruji. Niliiandika
kwa kuwa fomu ilikuwa na mstari wa tatu.

Wametupa ya tatu.

Nikapiga simu. Mwanamke wa halmashauri,
sauti yake ya kiuguzi, akanieleza:
hupimwa kwa mstari ulionyooka,
mlangoni mwa mtoto hadi langoni mwa shule,
mstari asioupita mtu, labda kunguru,
na mwaka huu umekatikia kabla yetu.
Tumezidi kwa mita thelathini na moja.

Mtoto wa kina Trevaskis amepata.
Nilimpongeza mama yake, nikasifu
hata mashuka aliyoanika.

Denzil akasema kataa. Kataa, tukate rufaa,
wajue sisi si watu wa kuburuzwa.
Nikamwambia: ukikataa hupewi kingine, unabaki mikono mitupu;
ukikubali, jina linabaki kwenye orodha ya kungoja.
Wa saba. Akauliza, saba kati ya wangapi?
Sikujua. Tukalala tumepeana migongo
kwa ajili ya chumba chenye viti vidogo
ambavyo hakuna kati yetu awezaye kuvikalia.

Jumapili nikamshika Jory mkono
tukaenda kuzipima hizo mita.
Hatua zangu, hesabu yake.
Moja, kizingitini. Tisa, paka wa jirani, ikabidi kusimama.
Ishirini, mlango mwekundu.
Alipofika ishirini na tisa akatazama viatu vyake,
akafikiri kwa mdomo wazi.
"Ishirini na kumi," akasema.
"Ishirini na kumi na moja."

Pale pale, kwenye pipa la taka la kina Trevaskis.
Pipa la kijani, kifuniko kimepasuka.
Nililitazama kama mtu atazamavyo mpaka wa nchi.
"Tumefika?" akauliza.
Nikasema, karibu.

Kiwandani nasokota kingo za mikate ya nyama,
mamia kwa zamu, gumba linasukuma, kidole cha shahada kinakunja,
mshono usiofumuka hata tanurini.
Siku ya mwisho ya kujibu, saa ya chai, nikafungua ukurasa.
Vitufe viwili. Nakubali. Nakataa.
Hakuna cha tatu kisemacho: nakubali, lakini mjue.
Nikabonyeza. Simu haikunitambua,
kidole kimejaa unga.
Nikafuta kwenye aproni.
Nikabonyeza tena.

Kabla sijameza funda la chai, jibu:
Tumepokea. Tafadhali usijibu ujumbe huu.

Na mimi nilikuwa na mengi.
Kwamba mikono ya sweta ikilowa hawezi kusikiliza kitu.
Kwamba anaogopa ile mashine ya chooni
inayokausha mikono kwa kelele.
Kwamba akinyamaza sana hajanuna, anahesabu,
na amefika ishirini na kumi na moja
bila mwalimu.
Thelathini mtamfundisha nyinyi.
Msiharakishe.