Sudusi ya Mlango

Milango arubaini na minane,
hisa mia mbili themanini na nane.
Nilipiga hesabu nyuma ya kadi ya kliniki:
hisa yangu moja ni sudusi ya mlango,
bawaba, kitasa, na upana wa kiganja cha mbao.

Shekuwe alitukusanya Barani chini ya feni bovu,
akatandaza ramani ya ghorofa tano za Muyeye.
Hapa hapana riba, alisema, ni ushirika:
kodi ikija tunagawana,
isipokuja, tunagawana huko kutokuja.
Nikampenda kwa hilo. Wengi huimeza nusu ya pili.
"Na kazi yangu mimi ni ipi?"
"Kulala, mama. Pesa ndiyo itakayokesha."

Kulala!
Miaka thelathini na saba mkunga wa Malindi,
nimeamshwa kwa kokoto dirishani, kwa honi,
kwa mume wa mtu akilia kana kwamba uchungu ni wake.
Nikauza bangili mbili, nikaongeza kiinua mgongo,
nikausoma mkataba mara tatu,
ya tatu kwa miwani ya jirani.

Miezi mitatu, simu kimya.
Wa nne, tarehe tano, ikatetema chini ya mto:
elfu mbili na mia saba.
Nikacheka peke yangu gizani.

Kisha mkutano. Tangi la pili la maji, au mgao?
Ikahesabiwa mikono iliyotaka mgao.
Wangu ulikuwa juu, na hina mpya.

Usiku wa jana, saa nane, kokoto dirishani.
Sikuuliza wapi. Nikamfuata kijana mpaka Muyeye,
ghorofa ya nne, ngazi ambazo sikuwahi kuzipanda,
nikizihesabu kwa magoti.
Mbeyu yuko sakafuni, ameuma leso.
"Maji," nikasema.
Bomba likakohoa, likatoa hewa.

Majirani wakaja na madumu,
lita tano, lita tatu, chupa ya soda,
kila mmoja na akiba yake ya asubuhi.
"Wenye nyumba hawa, mama, hawana haya."
"Hawana," nikasema,
nikinawa kwa maji ya kuhesabu.

Mtoto alitoka kabla ya adhana, wa kike, mwenye sauti.
Nikasimama mlangoni nikijifuta,
nikaishika bawaba. Imelegea.
Nikatafuta sarafu, nikaikaza skrubu nusu mzunguko.
Simu ikatetema mkobani.
Ilikuwa tarehe tano.